Tuna Saa Tisa

Sisi watu wa Tukuyu hatujawahi kulipia kulowa. Tunaloweshwa bure. Wilaya ya Rungwe hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na mimi nimezaliwa huko, nimekulia huko, na ingawa huu ni mwaka wa ishirini tangu nihamie Uyole, bado nina suruali moja ambayo siamini kama imewahi kukauka hadi kwenye pindo. Mvua ya kwetu hainyeshi ikaisha. Inakuja kama mgeni wa ukoo: inakaa wiki tatu, inaaga vizuri, inafika Kiwira, inakumbuka imesahau kitu, inarudi.

Kwa hiyo jioni moja ya mwezi wa sita, nikiwa nimevaa sweta mbili na miguu nimeisogeza karibu na jiko la mkaa, binti yangu mkubwa aliponiambia kwamba Dar es Salaam kuna mahali watu wanatoa hela ili wamwagiwe maji, nilimwambia arudie. Akarudia. Ni Kunduchi, akasema, wenyewe wanapaita Wet 'n' Wild. Kuna mabomba makubwa ya kuteleza. Unapanda ngazi, unakaa, unajiachia, unateremka mpaka bwawani, chubwi!

"Halafu?"

"Halafu unapanda tena, baba."

Nimefundisha hesabu miaka ishirini na mitatu. Jambo ambalo ukilimaliza unajikuta pale pale ulipoanzia, sisi kwenye fani tunaliita sifuri.

Tulikuwa na harusi Zanzibar. Mtoto wa shangazi yake mke wangu alikuwa anaoa, na kadi ya mchango ilikuwa imeshanitembelea mara tatu kama mtu wa benki. Safari ilipangwa hivi: basi kutoka Mbeya hadi Iringa, tulale siku mbili kwa shemeji Kihesa, tumchukue mama mkwe, basi tena hadi Dar, tulale gesti Mbezi karibu na stendi ya Magufuli, kesho yake tupande boti ya jioni. Mpango ulikuwa umekamilika. Ulikuwa mpango wa mtu mzima. Kosa lake lilikuwa moja tu, na mwenye kuliona alikuwa huyo huyo binti, ambaye hesabu kaipata kwangu na sasa anaitumia kunipiga nayo.

"Baba, tukiamka saa moja asubuhi, tuna saa tisa."

"Boti inaondoka saa kumi."

"Najua. Ndiyo maana nasema tuna saa tisa."

"Saa tisa tunatakiwa tuwe tumeshafika bandarini."

"Baba, sikiliza. Tuna saa tisa."

Tulibishana hivyo mpaka chai ikapoa. Kumbe mwenzangu alikuwa anahesabu muda na mimi nilikuwa nasoma saa ya ukutani. Kiswahili hiki nacho kina mambo yake: saa tisa hizo hizo zinaweza kuwa muda tele wa kustarehe, au zikawa wakati ambao boti imebakiza saa moja kukuacha na mama mkwe wako kwenye ngazi.

Ningeweza kuizima hoja ile pale pale kama si mpwa wangu aliyeko Texas. Kijana huyo, baada ya miaka sita ya kubeba maboksi usiku, alijikatia tiketi ya meli ya kitalii akazunguke visiwa. Siku moja kabla meli haijatia nanga kwenye kisiwa kidogo huko Bahamas kiitwacho CocoCay, akatuma sauti kwenye kundi la ukoo. Kisiwa kinaendeshwa na kampuni yenye meli, Royal Caribbean, na tangu 2019 kina bustani ya michezo ya maji yenye mnara wa kuteleza wa mita 41 hivi. Ufukweni unakaa bure. Kwenye mabomba unalipa pembeni, juu ya nauli uliyokwisha lipa. "Mjomba," akasema, na upepo ukivuma nyuma yake kama yuko juu ya bodaboda, "kesho nitakuwa na masaa machache tu kabla meli haijaondoka. Niingie au nisiingie?"

Sijui kwa nini kijana wa Texas aliona suala la Bahamas lipelekwe Rungwe kwa maamuzi, lakini ukoo ulilipokea kwa uzito wake. Baba mdogo wa Busokelo aliuliza kama kuna mamba. Shangazi wa Mafinga aliuliza kama huko choo ni cha kulipia. Mjumbe mmoja ambaye huwa haongei mpaka kuwe na msiba alituma picha ya maua na maneno ya asubuhi njema. Mhasibu wa ukoo akauliza, kwa heshima zote, kama mwenye swali ameshamalizia ahadi yake ya bati za nyumba ya bibi. Mimi, kama mjomba, nilirekodi dakika nne na nusu za hekima. Nilimwambia mita 41 ni sawa na minara mitatu ya kanisa letu iliyobebana, kwamba nauli ya meli imeshalipwa na meli yenyewe ina maji pande zote, kwamba akili ya mtu ni kukaa ufukweni bure akala machungwa. Nikamalizia: usiingie.

Kesho yake akatuma picha kumi na saba. Ya mwisho yuko hewani, mdomo wazi, miguu juu, na uso wa mtu ambaye hajapata kusikia habari ya bati tangu azaliwe. Watoto wangu walizitazama picha zile hadi simu ikaisha chaji. Kisha wakanitazama mimi.

Nikachukua daftari. Mambo haya yanataka daftari. Saa tisa, toa saa moja na nusu ya kujiandaa, maana tutakuwa watu sita na bafu moja la gesti, na mke wangu si mtu wa kuruhusu mtoto aende kuoga mbele za watu kabla hajaoga chumbani. Nilimuuliza: wanaoga ili wakaoge? Akasema, "Unataka waseme watoto wa Mbeya wachafu?" Toa saa moja ya kutoka Mbezi hadi Kunduchi kwa kupitia Goba, Mungu akipenda na bodaboda wakiafiki. Toa saa moja ya kula, kwa sababu mtoto aliyelowa anakula kama wawili. Toa saa mbili za kutoka Kunduchi hadi bandarini, maana foleni ya Barabara ya Bagamoyo haina ratiba, ina tabia. Toa saa moja na nusu ya kufika mapema, kwa kuwa mama mkwe akiambiwa chombo kinaondoka saa kumi, anataka akikute bado kimefungwa kamba. Zinabaki saa mbili. Humo toa kukata tiketi, kubadili nguo, kumtafuta kitinda mimba, kumpata kitinda mimba, kumtafuta tena, na kukauka. Nikapata dakika hamsini kamili za kulowa.

Kiingilio nilikiita K, kwa sababu kukiandika kwa tarakimu kulinitia mtetemo wa mkono. K mara sita, gawa kwa hamsini. Hiyo ndiyo bei ya dakika moja ya kulowa kwa familia ambayo chimbuko lake ni Tukuyu. Nilimpa mke wangu daftari alione. Akalisoma polepole, akageuza ukurasa, akaona orodha yangu ya gharama za harusi, akarudi nyuma, akasema, "Umesahau kitu. Nywele."

Nilifurahi. Nywele zilikuwa upande wangu. Yeye na mabinti wawili walikuwa wanasukwa kwa ajili ya harusi, msuko wa siku nzima, kwa bei ambayo zamani ulikuwa unapata mbuzi. Maji yale yana dawa. Nywele za harusi zikiingia mle zinatoka zimekuwa za msiba. Nikalieleza hilo kwa huzuni niliyoipima vizuri.

"Tutavaa rambo kichwani," akasema binti wa pili.

"Rambo zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019," nikasema. Kuna siku mtu unaipenda sheria ya nchi yako.

Mke wangu akainuka, akaingia chumbani, nikasikia kabati linafunguliwa. Akarudi na rambo sita nyeusi zilizokunjwa pembe tatu kama sambusa, za miaka ile, akaziweka juu ya daftari langu. Hakusema neno.

Ikabidi nibadili mbinu. Mtoto humkatalii, unampa kingine. Nikawaambia kwamba huko huko Kunduchi, hatua chache tu, kuna magofu ya kale: msikiti wa mawe, na makaburi ya nguzo ambayo wazee wa pwani waliyapamba kwa kuyapachika sahani na bakuli za Kichina. Niliyasema haya kwa sauti ya filamu ya wanyama. Historia tele! Biashara ya Bahari ya Hindi! Na hakuna anayelowa.

Kimya. Halafu binti mkubwa: "Baba, yaani unataka tukaone makaburi?"

"Ya kale."

"Likizo ya juzi ulitupeleka Isimila tukaone mawe."

"Zana za mawe," nikamsahihisha. "Za watu wa kale. Ziligunduliwa 1951."

"Likizo iliyopita Kalenga tukaone fuvu."

Fuvu la Mtwa Mkwawa si jambo la kutaja kwa mdomo huo uliobinuka, na nikamwambia hivyo. Nikamkumbusha kwamba limetajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, Ujerumani ikatakiwa ilirudishe, na hata hivyo lilikaa huko mpaka 1954 ndipo likaletwa Kalenga. Mtoto wangu akalitafakari hilo, nami nikaona somo limeingia.

"Kwa hiyo fuvu limefika Ujerumani na kurudi," akasema. "Sisi Kunduchi hatujafika."

Nilimshukuru Mungu kwamba bibi yake, Mhehe wa Kalenga hasa, alikuwa bado yuko kilomita mia tatu na ushee kutoka pale.

Msidhani Nyanda za Juu Kusini hatuna michezo ya maji. Tunayo, na haina kiingilio. Pale Kiwira, mbele kidogo ya Daraja la Mungu, mto unaingia kwenye shimo la mwamba panaitwa Kijungu, maji yanazunguka mle kama uji unaochemka, na ukiteleza hakuna anayekuuliza kama utapanda tena. Wala msidhani hatuna meli. Ziwa Nyasa MV Mbeya II ilianza kupakia abiria 2021. Zamani ilikuwepo MV Iringa, ambayo kila mwaka mwanafunzi mmoja lazima aulize Iringa ina ziwa gani, nami namweleza kwamba kabla Mkoa wa Njombe haujakatwa mwaka 2012, Ludewa na ufukwe wake ilikuwa mali ya Iringa. Kwa hiyo maji tunayajua, meli tunazijua. Lakini mtoto wa Kyela ndiye anayeogelea. Mtoto wa Tukuyu anasimama kwenye migomba, mikono kwapani, anamtazama.

Nadhani mmeshaelewa. Sababu yenyewe sikuiandika kwenye daftari. Sijui kuogelea. Maji ya kunizidi kimo sijawahi kuyaingia kwa hiari, na maji ya kuoga kwetu huwekwa kwenye beseni, yakachemshwa kwanza, mtu akayaendea kwa mapatano, mguu mmoja mmoja. Na hata hiyo haikuwa sababu kubwa. Sababu kubwa ilikuwa imekaa Iringa inatusubiri, imejitanda kitenge. Binti alishanisomea masharti kwenye simu: majini huingii na suruali. Sasa mniambie, nyie wenye wakwe, mimi nitasimama vipi na kaptula, miguu hii ambayo tangu sekondari haijaona jua, mbele ya mama yake mke wangu? Wahenga waliosema maji ukiyavulia nguo yaoge hawakuwa wamekaa na mama mkwe pembeni ya bwawa.

Tuliondoka stendi ya Nane Nane saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umekaa barabarani kama ng'ombe. Nilikuwa na tumaini moja. Nilijua basi litanisaidia. Mtu yeyote anayetaka kujua kama familia yake inaweza kwenda mahali pa starehe kwa muda mfupi na kurudi salama, aitazame kwanza ikishuka kwenye basi. Pale Igawa tulisimama kuchimba dawa, dakika tano, na hata hapo kulitokea maneno. Makambako tukasimama kula.

"Dakika kumi!" konda akatangaza. "Kumi tu! Atakayeachwa ajilaumu mwenyewe!"

Upepo wa Makambako mnaujua. Unakuvua kofia kwa heshima, halafu unarudi kuchukua sweta. Dakika mbili za kwanza ziliisha kwenye foleni ya choo, nikiwa natafuta shilingi mia mbili kamili kwa mwenye mlango ambaye hana chenji na hataki kuwa nayo. Mke wangu aliagiza chipsi. Binti mkubwa akasema hataki chipsi, anataka mahindi ya kuchemsha. Wa pili akayaona mahindi, akaghairi chipsi. Dakika ya saba chipsi zikaja, za watu watano, hakuna anayezitaka. Dakika ya tisa honi ikapigwa. Tukakimbia, tukapanda, tukakaa, nikahesabu vichwa kama ninavyohesabu darasani.

Kitinda mimba hayupo.

Dereva anakanyaga mafuta bila kuondoka, ile namna yao ya kukwambia kwamba subira yake iko kwenye mguu. Mke wangu kashika kichwa. Mimi nimerudi chini nakimbia huku na huku na pakiti ya chipsi mkononi, naita. Tulimkuta kwenye basi jingine la rangi ile ile, siti ya tatu, kapakatwa na mama asiyemjua, anamenya yai. Basi lile lilikuwa linakwenda Songea. Bado robo ya dakika mtoto wangu angekuwa Mngoni.

Nilirudi kwenye siti yangu nikihema, lakini moyoni nilikuwa na furaha ambayo mzazi mwema hatakiwi kuwa nayo. "Mmeona?" nikasema, kabla hatujamaliza hata taa za mjini. "Dakika kumi za Makambako, nchi kavu, tumempoteza. Sasa mniambie dakika hamsini, majini, watu wote wamevaa vichupi vya rangi moja." Hakuna aliyejibu mpaka Mafinga. Nikatazama misitu ya Sao Hill inapita dirishani, mistari na mistari ya misonobari iliyonyooka, nikaona dunia imekaa kwenye safu zake.

Iringa tulishuka stendi ya Igumbilo, tukapakiwa na bajaji mbili kupandisha mlima. Shemeji alitupokea Kihesa kwa kelele zake, na mama mkwe alikuwa sebuleni, jiko la mkaa mbele, kitenge begani, blanketi juu ya kitenge. Nilipiga goti. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Kamwene." "Kamwene." Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwa, taratibu, kama anakagua mahindi sokoni, akaridhika, akarudi kwenye chai yake ya tangawizi. Ndiyo hivyo tumeishi kwa miaka kumi na minane, mimi na mama huyu: salamu, heshima, umbali wa kiti kimoja. Sijawahi kukaa mbele yake hata bila soksi.

Shemeji ndiye aliyeharibu. Watoto walikuwa hawajavua mabegi walipomweleza habari za Kunduchi, za binamu wa Texas, za K, na za fuvu pia, hiyo kwa bahati nzuri mama mkwe alikuwa jikoni. Shemeji akacheka hadi akakohoa. "Waacheni wafanye mazoezi basi! Hapa mjini kuna hoteli ina bwawa. Kesho nawapeleka."

Nilimuunga mkono haraka, hadi mke wangu akanishangaa. Mimi nilikuwa nimeshaipima Iringa ya mwezi wa sita, mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na nilijua maji yale yatanifanyia kazi kuliko daftari.

Bwawa lilikuwa zuri, la bluu, na hakukuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Hilo lingetosha kwa mwenye akili. Mhudumu wa hoteli alisimama mbali, kajifunika koti na kofia ya sufu, akatutazama kwa macho ya mtu anayetazama mazishi ya asiowafahamu. Binti mkubwa akatumbukiza kidole cha mguu, akakitoa, akakiangalia kama kipo. Wa pili akaingia hadi magotini, akasimama hapo, akaanza kuongea kwa silabi. Kitinda mimba hakupima. Alikimbia kutoka kwenye nyasi, akaruka, chubwi, na sauti iliyotoka mle sikuwahi kuisikia kwa binadamu. Ilianza kama jina langu ikaishia kama filimbi. Mhudumu na shemeji walimvuta kila mtu mkono wake. Alikuwa na rangi ya majivu, meno yanagonga kama cherehani. Nilimfunga sweta langu, nikamfunga na la pili, nikamkumbatia, nikamnong'oneza kwa upendo wote, "Umeona, mwanangu?"

Akatetemeka kwa muda. Halafu akasema, neno moja moja, "Ba-ba. Dar. Maji. Ni. Ya. Moto."

Usiku baraza likakaa. Ugali, kuku wa kienyeji, mboga ya maboga. Shemeji alikuwa mwenyekiti, bila kuteuliwa. Mke wangu alitoa hoja, mabinti wakaunga mkono, na mimi nikaona nimebakiwa na karata moja, lakini nzuri, ya mtu mwema. Nilikuwa nimeitunza tangu Uyole. Nikaweka tonge chini, nikanawa, nikasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyeshinda nafsi yake: "Sawa. Nendeni. Furaha yenu ni furaha yangu. Ila kuna mabegi. Zawadi za harusi zimo, vitenge vimo, hatuwezi kuviacha gesti. Lazima mtu mzima abaki nayo. Nitabaki mimi, kivulini. Mtanikuta hapo hapo."

Wakanyamaza kwa heshima. Mke wangu aliniangalia kwa jicho ambalo sijaliona tangu uchumba. Nilijiona kabisa: mwavuli, kiti cha plastiki, soda, suruali ndefu, soksi, gazeti, na mama mkwe kiti kimoja pembeni, tumenyamaza wote wawili kwa adabu, kila mtu na nguo zake zote mwilini.

Mama mkwe alikuwa anachambua mfupa. Hakuinua hata macho.

"Mabegi nitakaa nayo mimi," akasema.

"Hapana mama, wewe ni—"

"Mimi maji siingii. Watoto watatu, mama yao mmoja. Huyu mdogo tumeambiwa alikuwa anahamia Songea. Wewe utaingia nao, uwashike." Akatafuna kidogo. "Habari ya nguo isikusumbue, mkwe. Mimi nitakaa nimegeukia baharini."

Nyumba ile ilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Shemeji alilala chali kwenye mkeka. Mimi nilitazama sahani yangu, masikio yamepata joto kwa mara ya kwanza tangu nifike Iringa. Kumbe alijua. Labda kwa miaka kumi na minane amekuwa akijua kila kitu, kuanzia soksi.

Asubuhi yake nilitumwa Mashine Tatu. Nilikwenda peke yangu, kwa kukataa kusindikizwa. Mtumba wa Iringa kwa msimu ule ni makoti, makoti, na nyuma ya makoti kuna majaketi. Niliuliza meza nne kabla sijathubutu kutamka nilichotaka, na nilipokitamka kwa sauti ya siri, kijana muuzaji alikirudia kwa sauti ya mnada. "Kaptula ya kuogelea! Mzee anataka kaptula ya kuogelea!" Wenzake wakampa pole. Akapiga mbizi kwenye lundo, akabaki miguu tu, akaibuka na kitu cha bluu kilichochorwa kasuku na minazi, na ndani yake kina wavu kama wa kuvulia dagaa.

"Hii elfu tano. Ijaribu, mzee."

"Wapi?"

"Hapo hapo. Juu ya suruali. Kila mtu anajaribu hivyo."

Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Ukungu ulikuwa bado haujainuka vizuri, nikauona kama rafiki. Nikaingiza mguu mmoja, nikajishika kwenye mlingoti wa meza, nikaingiza wa pili, nikavuta. Ilikwama kidogo kwenye funguo za mfukoni, halafu ikakubali. Nikafunga kile kikamba. Kasuku mmoja alikaa gotini, mwingine alikaa mahali ambapo kasuku hatakiwi kukaa.

"Shikamoo, mwalimu!"

Nyuma yangu alisimama kijana mrefu, kavaa sare za usalama barabarani, nyeupe zimepigwa pasi, kashika mkono wa mtoto wake. Sura niliijua mara moja. Kidato cha nne, dawati la nyuma, yule aliyekuwa ananiuliza hesabu za vekta zitamsaidia nini maishani. Alitazama uso wangu, akatazama kasuku, akarudi usoni kwa nidhamu kubwa.

"Marahaba," nikasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

Muuzaji alimtazama yeye, akanitazama mimi, na uso wake ukalegea. "Kumbe ni mwalimu?" akasema. "Ungesema mapema. Elfu nne."

"Nifungie," nikamwambia.

"Na suruali yake, mwalimu, au unavua kwanza?"